Mbwa wa Zizi Naye Ana Ngozi

Sisi watu wa pwani tukimtaja mbwa huwa ni kwa matusi au kwa methali. Tumefunzwa kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko, na tumefunzana mengine ambayo hayafai kuandikwa gazetini. Ama kumchana manyoya, kumwogesha na kumtoa kupe, hayo tumezoea kuyahesabu kuwa mambo ya majumba ya Nyali na ya sinema, na kwamba mtu mwenye kazi yake na sala zake tano hana nafasi nayo. Mimi mwenyewe utotoni nilikuwa hodari wa kumvurumishia mbwa mawe, na nadhani wengi wanaosoma ukurasa huu hawakuwa nyuma.

Basi leo, ndugu msomaji, nakuomba tusafiri kidogo. Ukipanda basi Mombasa, ukapita Malindi, Garsen na Hola, utafika Madogo; na ukivuka daraja la Mto Tana umeingia mjini Garissa. Kutoka hapo, ukiufuata mto kuelekea unakotokea, bila ya kuuvuka tena, utafika Balambala, mahali ambapo maandishi ya zamani hupaita Mbalambala. Siku hizi pana ofisi za serikali, na tangu uchaguzi wa 2013 ni jimbo lenye mbunge wake. Wenyeji wake walio wengi ni Wasomali wafugaji, Waislamu wa madhehebu ya Shafi kama wengi wetu huku. Wanasali kama sisi, wanazika kama sisi, na mbwa kwao ni najisi kama alivyo kwetu. Tofauti ni kwamba wao wana ngamia, na mwenye ngamia ana fisi, na mtu ambaye fisi humjia usiku hawezi kujifanya kwamba mbwa hana kazi duniani.

Ndiyo maana nimepachagua Balambala kuzungumzia utunzaji wa manyoya ya mbwa. Najua ni mahali ambapo hungetarajia habari hiyo.

MKONO UNAOJUA

Kwanza tumtazame ngamia, kwani kwake ndiko ujuzi wa ngozi ulikolazwa. Alfajiri, kabla ya mifugo kufunguliwa, mchungaji hupita kati ya wanyama wake na mkono wake hauna mapumziko. Hupapasa kwapani, chini ya mkia, kwenye kiwele na ndani ya sikio, mahali ambapo ngozi ni nyembamba na nywele ni chache, kwa sababu hapo ndipo kupe hupenda kukaa. Sehemu hizi za kaskazini mashariki yuko kupe mmoja ambaye dume lake lina mapambo meupe na meusi mgongoni mithili ya punda milia. Mtoto wa mfugaji humjua kabla ya kujua kuhesabu mia.

Mkono huo huo hutafuta upele, ambao Wasomali huuita cadho (herufi c katika maandishi yao ni ile ain ya Kiarabu, msije mkaisoma vibaya). Upele huu huletwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa jicho, ambaye huchimba vijia chini ya ngozi na kutaga humo. Ngamia huwashwa hata akaacha malisho na kushinda akijisugua kwenye miti. Nywele hudondoka, ngozi huwa nene na kupasuka kama tope lililokauka, na maziwa hupungua. Tena si ngamia peke yake, kwani anayemkama na anayempanda huanza naye kujikuna.

Waarabu wa tangu kale waliwapaka ngamia katrani, ile lami itokanayo na miti. Siku hizi wako wafugaji katika nchi nyingi wanaochukua oili chafu iliyomwagwa na malori na kumpaka mnyama mwili mzima. Mimi hili nalilaumu waziwazi. Oili hiyo ina sumu inayopenya ngozini, huziba vinyweleo, na juani humuunguza mnyama. Dawa inayofaa ni sindano ya ivermectin, miligramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito, hupigwa chini ya ngozi na kurudiwa baada ya wiki mbili hivi. Maziwa yake yasinywewe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Na hapa ndipo penye mtihani, kwani maziwa hayo ndiyo chakula cha watoto.

Nywele za mnyama ni kama ubao wa matangazo. Aliyeshiba na mwenye afya nywele zake hulala na kung'aa. Mwenye njaa au minyoo nywele husimama na kupoteza rangi. Watu wa Garissa walilisoma tangazo hilo kwa uchungu kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ilipokosekana mfululizo hadi mwisho wa 2022. Kisha mwishoni mwa 2023 yakaja mafuriko, na tena Aprili na Mei 2024, Tana ikafurika na kuimeza barabara kati ya Madogo na Garissa. Mnyama aliyetoka kwenye ukame akiwa mifupa akaingia kwenye tope. Ngozi iliyodhoofika haina ngao, na nyasi zikichipua baada ya mvua kubwa kupe nao hufufuka.

Hali kadhalika ngozi ni fedha. Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya nchi hii, na mnunuzi humzunguka mnyama kabla ya kutaja bei. Hata akishachinjwa, kila alama ya kupe na kila kovu la upele hubaki kwenye ngozi na kuonekana inapotengenezwa kuwa kiatu au mkoba. Hata sumad, ile alama ya moto ambayo kila ukoo huweka kwenye ngamia wake, hushusha thamani ya ngozi, ingawa mfugaji atakwambia, na ana haki, kwamba ngamia asiye na alama hasara yake ni kubwa zaidi.

Wanyama wadogo nao wana utaratibu wao. Kondoo wa Kisomali, yule mweupe mwenye kichwa cheusi na mafuta mengi mkiani, hana sufu bali ana nywele fupi, kwa hiyo hakatwi manyoya kama kondoo wa Ulaya tunaowaona kwenye picha. Punda abebaye maji kutoka mtoni adui yake ni kamba na mzigo vinavyomchuna mgongo. Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa hili. Tangu 1987, Waingereza wa shirika la Donkey Sanctuary walipofungua zahanati ya punda mjini humo, wenye punda wengi wamejua kwamba tandiko safi na mgongo mkavu humwongezea punda miaka. Punda na ngamia wote hujigaragaza vumbini, na huko ndiko kuoga kwao, kwani vumbi hunyonya jasho na kuwasumbua wadudu.

ANAYELALA NJE YA MIIBA

Sasa twende nje ya ua wa miiba. Huko ndiko alikolala mbwa. Kwa kawaida ni mbwa wa kadiri, mwenye manyoya mafupi yenye rangi ya mchanga, miguu mirefu na mbavu zinazohesabika. Usiku yeye ndiye wa kwanza kumsikia fisi au mbweha, na kelele zake ndizo zinazomwamsha mwenye rungu. Asubuhi hupata mabaki, mifupa, labda maziwa yaliyoharibika. Mkono haupati.

Nisieleweke vibaya, sisemi kwamba watu wote wa huko ni wamoja, wala sisi wa pwani hatuna ubavu wa kumcheka mtu. Lakini hebu lifikirie jambo hili. Yule yule awezaye kumjua ngamia mmoja mgonjwa kati ya mia moja kwa kutazama manyoya tu, mbwa wake anaweza kujaa kupe masikioni kama shada la zabibu, akajikuna mpaka akabaki na upara wa mgongo, na asitazamwe. Sababu si ukatili. Sababu ni kwamba mkono unaoshika kila kitu umeambiwa usimshike huyu.

Hasara yake humrudia mwenye boma. Yuko kupe wa rangi ya hudhurungi ambaye mbwa ndiye mwenyeji wake mkuu. Katika maisha yake humpanda mbwa mara tatu, akiwa mchanga, akiwa wa kati na akiwa mkubwa, na kila akishiba huanguka na kujificha kwenye ufa wa ukuta, chini ya mawe au kwenye matandiko. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Humwachia mbwa magonjwa ya damu yenye homa na kukonda, na mara nyingine damu humtoka puani. Mbwa wa namna hiyo hamsikii fisi tena. Upele wa mbwa nao huweza kumwasha mtu, hususan watoto, ambao hawajui fatwa na hucheza na kila chenye mkia.

Liko pia jambo la minyoo. Tegu mmoja mdogo sana hukaa tumboni mwa mbwa, na mayai yake hutoka na kinyesi na kunata kwenye manyoya. Binadamu akiyameza, uvimbe wenye maji humwota kwenye ini au mapafu. Kule Turkana ugonjwa huu ulikithiri hata shirika la AMREF likaanzisha kampeni ya kuudhibiti mwaka 1983. Kinga yake ya kwanza ni rahisi: mbwa asipewe mapafu na maini mabichi ya mnyama aliyechinjwa, kwani humo ndimo tegu huyo huanzia safari yake. Ya pili ni kunawa mikono.

SHARIA HAIKUSEMA ATUPWE

Mimi si mufti, na mwenye swali zito amwendee mwalimu wake. Lakini yako mambo yanayojulikana na kila aliyekaa darasani msikitini, nasi huyasahau tunapookota jiwe.

Hadithi sahihi zimemwonya anayefuga mbwa bila ya haja kwamba ujira wake hupunguzwa kila siku, na hadithi hizo hizo zimemtoa katika onyo hilo mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Sura ya Al-Maida imehalalisha windo la mnyama aliyefunzwa. Sura ya Al-Kahf imemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, amenyoosha miguu kizingitini. Na ni nani asiyeijua habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa?

Kwa madhehebu yetu ya Shafi mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Wafuasi wa Imam Malik wao humwona mbwa aliye hai kuwa tohara, na Wahanafi hutenga kati ya mate na manyoya. Sisi tubaki na letu. Lakini hata katika letu imo kanuni moja ambayo wengi hawaijui au wameisahau: kikavu hakimnajisi kikavu. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu, najisi haikuhamia. Unyevu ndio unaoihamisha.

Ukiielewa kanuni hiyo, utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kutunza manyoya inaweza kufanywa na Mwislamu wa Shafi asubuhi na akasali adhuhuri kwa nguo ile ile. Kuchana na kupiga brashi hufanywa kwa ukavu. Brashi yenye mpini mrefu, au fimbo iliyofungwa gunia mwishoni, humweka mtu mbali na ulimi. Glavu za mpira na koti kuukuu la kazi humlinda katika kuogesha. Akipatwa na umajimaji, maji saba na udongo vipo. (Wako waliojadili kama sabuni yaweza kushika mahali pa udongo, wengi wa Shafi wameshikilia udongo.)

Nani asiyejua kwamba Waarabu wa jangwani, wenye dini hii hii, wana mbwa wao wa kuwinda aitwaye saluki? Humwita hurr, yaani mwungwana, na humtenga na mbwa wa kawaida. Yeye huingia hemani, na wengine humpaka hina miguuni kama bibi harusi. Saluki ni wa namna mbili: mmoja ana manyoya laini mafupi mwili mzima, mwingine ana singa ndefu masikioni, mkiani na nyuma ya miguu, nazo huchanwa kwa upole zisikatike. Pale Abu Dhabi kilifunguliwa kituo maalumu cha mbwa hawa mwaka 2001. Ndugu zetu wenye jamaa Ghuba huenda wamewaona wakipitishwa kwenye magari, wamekaa kwa adabu kuliko abiria wengine.

MKUBWA, WA KADIRI NA KIJIBWA

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, kwani najua miongoni mwa wasomaji wako vijana, wa Balambala na wa pwani, wanaolinda malango ya watu Mombasa, Malindi na Diani, na ambao mwajiri huwakabidhi tochi, rungu na mbwa bila ya maelezo.

Mbwa mkubwa wa polisi wa asili ya Ujerumani, mwenye kilo 30 na zaidi, ana manyoya ya tabaka mbili. Ya juu ni marefu na magumu. Ya chini ni mepesi kama pamba. Mtu akiliona joto la pwani humhurumia, akachukua mkasi au mashine akamnyoa. Hilo ni kosa. Manyoya yale humkinga na jua kama makuti ya paa yanavyoikinga nyumba, na yakishanyolewa huenda yasirudi sawasawa. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoa kwa kuhema na kidogo kwa nyayo. Kinachomsaidia ni kutolewa yale ya chini yaliyokufa, kwa chanuo lenye meno marefu, mara mbili tatu kwa wiki, na zaidi anapopukutisha. Utatoa rundo la kujaza mto, wala usishangae. Kisha apewe kivuli na maji.

Mbwa wa manyoya mafupi, akiwemo yule wetu wa mitaani tumwitaye koko, ndiye mwenye kazi ndogo. Brashi ngumu au kitambaa kikavu cha gunia, mara moja kwa wiki, kwa kufuata manyoya yanakolala, kutoka kichwani kwenda mkiani. Katika jamii hii yumo mbwa wa Kongo ambaye Ulaya ilimpokea kwa shangwe, akaonyeshwa London mwaka 1937. Habweki kama wengine, na hujiramba mwili mzima kama paka. Wazungu humwita basenji. Jina hilo limetoka kwenye lugha za Kongo na ni ndugu wa neno letu washenzi. Kwa hivyo kule Ulaya watu hulipa fedha nyingi kumnunua mbwa ambaye jina lake, kwa Kiswahili cha mtaani, ni mbwa mshenzi.

Kijibwa cha manyoya marefu, cha kilo tatu au nne, ndicho kinachochosha. Manyoya yake hujisokota yakawa mafundo, hasa nyuma ya masikio, kwapani na mapajani. Fundo huivuta ngozi kila anapopiga hatua, hushika unyevu, na chini yake hutokea kidonda ambacho hutakiona mpaka kitoe harufu. Huyu achanwe kila siku, na ampataye mafundo ayafungue kwa vidole kidogo kidogo, au ayakate kwa kupitisha chanuo kati ya fundo na ngozi ili mkasi usimchune. Tena achanwe kabla ya kuoga, kwani fundo likilowa hukaza kama kamba ya jahazi. Kumnyoa huyu hakuna ubaya, maadamu asiachwe ngozi tupu juani.

Kuoga kwa wote ni mara moja kwa mwezi au wanapochafuka, wala si kila Jumamosi kama gari. Sabuni ya unga ya kufulia huikausha ngozi na kuipasua, na hata sabuni yetu ya kuogea haimfai sana, kwani ngozi ya mbwa haina ule ukali kidogo wa asidi ulio katika yetu. Povu likibaki huwasha, kwa hiyo maji ya kusuuza yawe mengi kuliko ya kuogea. Mbwa mkubwa hukaushwa vizuri mpaka ndani ya tabaka la chini, kwani unyevu wa pwani huotesha ukungu hata kwenye viatu, sembuse hapo. Kijibwa hupoteza joto haraka, basi huogeshwa mchana, si jioni ya kusi. Masikio yafutwe kwa kitambaa bila ya kuchokolewa, kucha zikatwe ncha tu, na vidole vya miguu vipanuliwe kutazama kati yake. Kupe huwa hapo wakati wewe unamsaka mgongoni.

Kupe naye ana adabu ya kutolewa. Asichomwe kwa sigara wala kumwagiwa mafuta ya taa. Huko ni kumtisha akatapika ndani ya jeraha. Mshike kwa koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila ya kumsokota, mtumbukize kwenye spiriti au maji ya dawa. Usimminye kwa kucha, kwani damu iliyomo tumboni mwake yaweza kuwa na maradhi yawezayo kumdhuru mtu. Na kibanda cha mbwa kisafishwe na kunyunyizwa dawa siku hiyo hiyo, la sivyo watoto wa huyo kupe watakuwa juu yake mwezi ujao.

CHUPA YA NGAMIA

Hatari kubwa ipo katika dawa, na hapa naomba msomaji asipitie mbio. Mfugaji mwenye chupa ya ivermectin aliyoinunua kwa ajili ya ngamia humtazama mbwa wake mwenye upele akasema, naye apate kidogo. Chupa ya kawaida ni ya asilimia 1, ambayo mililita moja hutosha kilo 50. Ngamia wa kilo 450 hupigwa mililita 9. Kwa hesabu hiyo mbwa wa kilo 15 angepata chini ya theluthi moja ya mililita, na kijibwa cha kilo 3 tone moja. Ni nani atakayepima tone kwa bomba la ngamia, jua limeshachwa na mbwa anapigapiga miguu? Tena tangu miaka ya 1980 ilijulikana kwamba mbwa wa jamii ya collie, na wengine wenye damu yao, huweza kufa kwa kipimo ambacho mwingine angekistahimili. Mwaka 2001 wataalamu wakagundua kwamba ni kasoro ya urithi. Dawa ya mbwa ipo, na bwana mifugo huitoa kwa uzito.

Dawa za kuogesha nazo zina marafiki na maadui. Zile zenye amitraz hutumika kwa ng'ombe na kwa mbwa, lakini punda na farasi matumbo yao husimama na wakafa. Zile zenye permethrin mbwa huzistahimili, lakini paka huwaua. Nyumba za Lamu zimejaa paka na punda, basi mtu akimwogesha mbwa uani na maji yakatiririka hadi kwa paka, au akitumia bomba lile lile kwa punda bila ya kuliosha, atakuwa amefanya msiba kwa nia njema.

Liko la mwisho, nalo ndilo lililonifanya niyaandike yote haya. Kenya ilijiwekea mpango, uliotolewa 2014, wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita. Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku hiyo hiyo, kwani dalili zikishatokea hakuna dawa. Lakini wachanjaji wakifika bomani, mbwa ambaye tangu kuzaliwa hajaguswa na mkono isipokuwa ule wa mawe hukimbilia vichakani, au huuma. Mbwa aliyezoea brashi kavu kila Ijumaa asubuhi husimama, mwenyewe akamshika shingo kwa kamba na gunia. Sindano yenyewe haichukui hata nusu dakika.